Dawa za Kuchelewesha Uzee wa Seli Mbele ya Kipimo cha Kilifi

Asidi nne za amino zikiungwa kwa mpangilio fulani huitwa Epitalon. Wanaoiuza huahidi kwamba mwenye kujidunga atarefusha telomia, yaani ncha zinazolinda kromosomu ndani ya seli, na kwa njia hiyo atachelewa kuzeeka. Asidi nne nyingine za amino, zikirudiwa mara zipatazo 19, ni sehemu muhimu ya RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa kemia, vitu hivi viwili vina nasaba moja. Kwa ushahidi, viko mbalimbali kabisa. Chanjo ilipimwa kwa watoto wa Kilifi, pwani ya Kenya, mpaka uwezo wake na udhaifu wake vikajulikana. Epitalon haijapita njia hiyo.

Swali la peptidi za kuchelewesha uzee linatuhusu sisi wa pwani kama linavyowahusu wengine. Malindi imezoea wageni wanaokuja kuishi miaka yao ya kustaafu karibu na bahari, Waitaliano hasa. Simu ya kijana wa Mtwapa huweza kumletea matangazo yale yale anayoyaona mkazi wa Miami: sindano ya kukaza ngozi, sindano ya kuponya goti, sindano ya kurudisha nguvu za ujana. Kwa hiyo tunahitaji jibu letu wenyewe, nalo lisiwe la kukubali kila kinachotangazwa wala la kukataa kila kilicho kipya. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kipimo tunacho tayari, kwa sababu Kilifi imekitumia kwa zaidi ya miaka 30. Tukikitumia kwa haki, tutaona kwamba nyingi ya peptidi zinazouzwa kwa jina la ujana bado hazijathibitishwa, na kwamba mambo mengi yanayowazeesha watu wetu kabla ya wakati yanajulikana na yana dawa.

Peptidi ni nini

Protini hujengwa kwa asidi za amino zilizoungana kama shanga katika uzi. Mnyororo ukiwa mfupi, kwa kawaida usiozidi asidi 50 hivi, huitwa peptidi. Mwili hutumia peptidi kupeleka habari kutoka kiungo kimoja hadi kingine: njaa, shibe, usingizi, ukuaji, maumivu. Ndiyo maana wanasayansi wanazipenda. Peptidi huweza kulenga kipokezi kimoja tu cha seli na kukiacha kingine.

Tiba ya peptidi imepita miaka 100. Insulini, yenye asidi 51 za amino, iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwaka uliofuata mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina ile alikuwa akisubiri kifo. Kila anayehifadhi insulini ndani ya jokofu Malindi au Mariakani anatumia tiba hii, hata kama hajawahi kuiita kwa jina hilo.

Bahari yetu nayo inashuhudia nguvu za peptidi. Katika matumbawe ya Watamu na Malindi, yaliyolindwa kama hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, wanaishi konokono wa jamii ya Conus wenye makombe ya kupendeza. Mmoja wao, Conus geographus, ana sumu iliyowahi kuua watu. Sumu hiyo ni mchanganyiko wa peptidi nyingi, na miongoni mwake imo insulini inayomlegeza samaki asiweze kukimbia. Kutoka kwa ndugu yake, Conus magus, ilipatikana peptidi ya asidi 25 iliyonakiliwa maabarani na kuidhinishwa Marekani mwaka 2004 kuwa dawa ya maumivu makali, ziconotide, ambayo huingizwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo anayesema kwamba peptidi ni salama kwa kuwa ni vitu vya asili hajasema kitu. Uti wa mgongo wa mgonjwa na mkono wa mvuvi hukutana na peptidi za aina moja. Tofauti ni kipimo, njia ya kuiingiza mwilini na ujuzi wa anayeitoa.

Seli huzeeka kwa njia nyingi

Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabarani hugawanyika kwa mara kadhaa tu, kisha hukoma. Baadaye ikajulikana kwamba telomia hupungua kila seli inapogawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kueleza jinsi telomia zinavyoilinda kromosomu na jinsi kimeng'enya cha telomerasi kinavyozirefusha.

Habari hiyo ndiyo matangazo mengi huisimulia, kisha yakaishia hapo. Lakini telomia ni mlango mmoja kati ya mingi. Mwaka 2013 Carlos López-Otín na wenzake walikusanya alama tisa za uzee wa seli. Mwaka 2023 wakaziongeza hadi 12. Zimo hitilafu katika vinasaba, mitokondria zinazodhoofika, protini zinazokunjika vibaya, uvimbe wa kudumu usio na jeraha, na seli zilizochakaa ambazo hazigawanyiki wala hazifi, bali hukaa zikitoa kemikali zinazowadhuru majirani zao. Dawa inayogusa mlango mmoja haiwezi kudai kwamba imefunga nyumba nzima. Zaidi ya hayo, telomerasi ni silaha ya saratani pia: takriban saratani tisa kati ya kumi huiwasha ili seli zake zisikome kugawanyika. Mtu akiambiwa kwamba dawa fulani huwasha telomerasi mwili mzima, anapaswa kuuliza ni nani aliyewafuatilia watumiaji wake kwa miaka ya kutosha kuhesabu saratani.

Mafungu matatu

Peptidi zinazotajwa katika mazungumzo haya hazina uzito mmoja. Mimi nazigawa katika mafungu matatu.

La kwanza ni la zilizothibitishwa kwa ugonjwa maalumu. Insulini imo. Imo pia semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari na mwaka 2021 kwa unene uliokithiri. Jaribio lililochapishwa mwaka 2023, lenye washiriki 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa lakini wasio na kisukari, lilionyesha kwamba mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 20 kwa jumla. Dawa hiyo haikupimwa kama dawa ya uzee, lakini moyo ndio unaowaua wazee wengi duniani, na matokeo haya yana uzito kuliko ahadi yoyote ya ngozi laini. Katika fungu hili imo tesamorelin ya mwaka 2010, inayopunguza mafuta ya tumboni kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na elamipretide, inayolenga mitokondria, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2025 kwa ugonjwa wa nadra wa kurithi uitwao Barth.

La pili ni la zinazotia matumaini maabarani. Mwaka 2017 watafiti wa Rotterdam walitumia peptidi iitwayo FOXO4-DRI kuziua seli zilizochakaa ndani ya panya; manyoya yakarudi na figo zikafanya kazi vizuri zaidi. MOTS-c, iliyotangazwa mwaka 2015 na watafiti wa California, hutengenezwa kwa maelezo yaliyomo ndani ya mitokondria zenyewe na huboresha matumizi ya sukari kwa panya. Hii ni sayansi ya kweli na inastahili fedha. Lakini panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu ndani ya kizimba kisafi, hapati kichocho wala utapiamlo, na mengi yaliyomponya yeye yameshindwa kwa binadamu.

La tatu ni la zinazouzwa kwa wingi zikiwa na ushahidi mwembamba. Epitalon ilitoka katika shule ya Vladimir Khavinson wa St. Petersburg. Mwaka 2003 yeye na wenzake waliripoti kwamba ilirefusha telomia za seli za binadamu zilizokuzwa maabarani. Sehemu kubwa ya kazi inayoitetea imetoka katika shule hiyo hiyo, na majaribio makubwa ya watafiti wengine yanayoithibitisha hayapo. BPC-157, yenye asidi 15, imechunguzwa zaidi Zagreb, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ni wa panya. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni liliipiga marufuku kwa wanamichezo mwaka 2022, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiweka katika kundi la malighafi zenye maswali ya usalama kwa maduka yanayochanganya dawa. GHK, peptidi ya asidi tatu iliyotambuliwa na Loren Pickart mwaka 1973, imekuwa ndani ya krimu za ngozi kwa miaka mingi, lakini krimu juu ya shavu na sindano ndani ya mwili ni mambo mawili tofauti.

Zipo pia zinazoichochea tezi kutoa homoni ya ukuaji, kama CJC-1295 na ipamorelin. Hapa historia ina onyo la wazi. Mwaka 1990 Daniel Rudman aliwapa wanaume 12 wenye umri uliozidi miaka 60 homoni ya ukuaji kwa miezi sita. Misuli ikaongezeka na mafuta yakapungua. Kutokana na jaribio hilo dogo ilikua biashara kubwa ya ujana. Majaribio yaliyofuata yalipojumlishwa mwaka 2007, faida ilionekana kuwa ndogo, na madhara kama kuvimba na maumivu ya viungo yakawa mengi. Tena, biolojia ya uzee huelekea upande mwingine: panya wenye upungufu wa homoni hiyo huishi zaidi, na jamii ya watu wa Ecuador ambao miili yao haiitikii homoni ya ukuaji, waliochunguzwa na Jaime Guevara-Aguirre, karibu hawapati kisukari wala saratani. Mwenye kuipandisha homoni hiyo ili asizeeke huenda anaongeza mwendo wa kitu anachokikimbia.

Kipimo cha Kilifi

Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na Wellcome Trust, ilianzisha kituo chake kando ya hospitali ya Kilifi. Tangu mwaka 2000 kituo hicho kimekuwa kikiandikisha wanaozaliwa, wanaokufa, wanaohamia na wanaohama katika eneo lenye watu wapatao 300,000. Kazi hiyo ya kupita nyumba kwa nyumba ndiyo msingi wa ushahidi.

Desemba 2008 yalichapishwa matokeo ya RTS,S kwa watoto 894 wa Kilifi na Korogwe, Tanzania: kinga dhidi ya malaria ilifikia asilimia 53 katika miezi michache ya ufuatiliaji. Mfanyabiashara angeishia hapo na kuanza kuuza. Watafiti wakaendelea kuhesabu. Mwaka 2016 Ally Olotu na wenzake walitoa habari za watoto 447 wa Kilifi waliofuatiliwa kwa miaka saba baada ya dozi tatu. Kinga ilikuwa imepungua mwaka baada ya mwaka. Kwa jumla ya miaka yote saba ilibaki kama asilimia nne tu. Katika maeneo yenye maambukizi mengi, mwaka wa tano, watoto waliochanjwa walipata malaria zaidi ya wenzao wasiochanjwa. Habari hiyo ilikuwa chungu, na ilichapishwa. Jaribio kubwa la nchi saba, ambalo Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake 11, lilionyesha kwamba dozi ya nne husaidia, na mwaka 2021 chanjo ikapendekezwa kwa dozi nne. R21, iliyofuata, ilipimwa kwa watoto wapatao 4,800 katika nchi nne, vituo vya Kilifi na Bagamoyo vikiwemo, kabla ya kupendekezwa mwaka 2023.

Hapo tunapata masharti ambayo dawa yoyote ya uzee inapaswa kuyatimiza. Kuwe na kundi la kulinganishia, kwa sababu goti huweza kupoa lenyewe na moyo wenye imani huona nafuu. Kuwe na muda, kwa sababu ahadi ya miezi michache huweza kuyeyuka mwaka wa tano, na uzee ni jambo la miongo. Kuwe na watafiti wengi wasiotegemeana. Habari mbaya zitangazwe kama nzuri. Na anayedungwa aelewe anachokubali. Watafiti wa Kilifi kama Sassy Molyneux, Vicki Marsh na Dorcas Kamuya wameandika kwa miaka mingi kuhusu hofu za wanavijiji juu ya damu inayochukuliwa, na kuhusu ugumu wa kueleza utafiti ukaeleweka. Mama wa Ganze, huku Kilifi, anayeuliza damu ya mwanawe inapelekwa wapi anauliza swali la kisayansi. Mteja wa sindano ya ujana anastahili kuuliza vivyo hivyo: kilichomo ndani ya chupa ni nini, nani amekipima, na nikidhurika nitamwendea nani?

Chupa yenyewe

Peptidi nyingi za fungu la tatu huuzwa mtandaoni kama unga mkavu ndani ya kichupa kilichoandikwa kwamba ni cha utafiti tu, si cha kutumiwa na binadamu. Maandishi hayo humlinda muuzaji. Mnunuzi huchanganya unga na maji, huhesabu kipimo mwenyewe na hujidunga chini ya ngozi. Kosa la kuhesabu huweza kumwongezea dozi mara kumi. Maji yasiyo safi huweza kumletea jipu au sumu ya damu. Baada ya kuchanganywa, peptidi nyingi huhitaji baridi, na joto la Malindi hupita nyuzi 30 siku nyingi za mwaka, huku umeme ukikatika bila taarifa. Hata dawa zilizothibitishwa hughushiwa: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutide bandia iliyopatikana katika nchi kadhaa. Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu, na hatua ya kwanza ya mtu yeyote aliyepewa chupa ni kuuliza kama imesajiliwa huko. Ikiwa haijasajiliwa, daktari anayeidunga hana wa kumtetea, na mgonjwa hana pa kudai.

Kinachotuzeesha hapa

Jambo linalopaswa kutuamsha zaidi ni kwamba malaria yenyewe huzeesha seli. Mwaka 2018 Muhammad Asghar na wenzake wa Sweden walichapisha habari za wasafiri walioambukizwa malaria Afrika na kutibiwa Sweden. Baada ya ugonjwa telomia zao zilifupika, kisha zikarejea hali yake ndani ya mwaka mmoja. Wasafiri hao walitibiwa, wakapumzika mbali na mbu. Mtoto wa Ganze au Magarini huweza kuugua tena kabla mwili haujamaliza kujirekebisha.

Kilifi imeleta ushahidi wa karibu zaidi. Anthony Etyang na wenzake walilinganisha shinikizo la damu la watu wenye kinasaba kimoja cha selimundu, ambacho huwakinga na malaria kali, na la wasio nacho. Kilifi, wenye kinga hiyo walikuwa na shinikizo la chini zaidi. Nairobi, ambako malaria ni adimu, tofauti hiyo haikuonekana. Maana yake ni kwamba malaria ya utotoni huenda ikaacha alama katika mishipa ya mtu mzima. Basi chandarua, chanjo na dawa ya mapema kwa mtoto ni tiba ya uzee pia, na ushahidi wake unaupita ule wa Epitalon.

Ukiendelea kuhesabu, orodha ni ya mambo ya kawaida: presha isiyopimwa, sukari isiyotibiwa, sigara, moshi wa kuni jikoni, njaa wakati wa ukame katika sehemu za bara za kaunti. Vidonge vya presha vipo na ni vya bei nafuu kuliko kichupa chochote cha ujana. Kinachokosekana mara nyingi ni zahanati yenye akiba ya vidonge hivyo mwezi hadi mwezi, na mtu wa kumfuata mgonjwa aliyeacha kuja.

Wazee tulio nao

Hatuwezi kuzungumzia kurefusha maisha Kilifi tukaacha kusema kwamba hapa wazee wanauawa. Mzee mwenye mvi na macho mekundu hushukiwa uchawi. Wengine hupaka nywele rangi nyeusi ili wasalimike. Macho mekundu yana sababu zake, na moshi wa kuni ni mojawapo. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna ugomvi wa shamba na urithi. Huko Kaya Godoma, Ganze, wazee waliotishiwa wamepewa hifadhi chini ya chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na mpango wa Inua Jamii humpa aliyefika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Haki iliyoandikwa haijamfikia kila mmoja. Jamii inayomwogopa mwenye mvi haiwezi kusaidiwa na sindano ya kuficha mvi. Itakuwa imeuza hofu ile ile kwa bei ya juu.

Msimamo

Nasema basi: mwenye kisukari atumie insulini yake bila woga, na mwenye unene au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kuhusu dawa zilizosajiliwa. Epitalon, BPC-157 na nyinginezo za fungu la tatu asidungwe mtu yeyote nje ya jaribio lililoidhinishwa. Kaunti ihakikishe vidonge vya presha havikosekani, na mauaji ya wazee yafuatiliwe hadi mahakamani.

Kwa watafiti nina ombi moja zaidi. Tafiti nyingi za uzee wa seli zimefanywa Ulaya, Marekani na Asia Mashariki, kwa watu wasiojua malaria. Siku peptidi ya kweli ya uzee itakapopatikana, isiletwe hapa ikiwa tayari imefungwa na kupewa bei. Ipimwe hapa, kwa wazee wa hapa waliokubali kwa hiari, kwa miaka mingi kama ilivyopimwa chanjo ya malaria. Kilifi ina rekodi, maabara, na watu waliokwisha kuifundisha dunia kwamba dawa huaminiwa baada ya kuhesabiwa mwaka wa kwanza na mwaka wa saba.